Kuchagua sayansi sekondari pevu na mpangilio wa kuzisoma: maswali ya wazazi na wanafunzi wa Nairobi

Majibu haya yanamlenga zaidi mwanafunzi anayeingia Gredi ya 10. Darasa la kwanza la gredi hiyo lilianza Januari 2026, ilhali KCSE (mtihani wa Kidato cha Nne) ya mwisho ya mfumo wa zamani wa 8-4-4 ni ya mwaka 2027. Walio Kidato cha Nne wana swali lao huku chini.

Gredi ya 10 mwanafunzi anasoma masomo mangapi?

Saba. Manne ni ya lazima: Kiingereza, Kiswahili au Lugha ya Ishara ya Kenya, Hisabati, na Mafunzo ya Huduma kwa Jamii. Matatu anachagua mwenyewe kulingana na mkondo wake: STEM (sayansi, teknolojia, uhandisi na hisabati), Sayansi za Jamii, au Sanaa na Michezo. Ndani ya STEM mna matawi matatu, yaani sayansi tupu (Biolojia, Kemia, Fizikia), sayansi tumizi (kama Kilimo, Kompyuta na Sayansi ya Nyumbani) na masomo ya kiufundi (Umeme, Ujenzi, Useremala, Ufundi wa Vyuma na mengineyo).

Ugumu wote uko kwenye hayo matatu. Chini ya 8-4-4 mtu aliweza kubeba sayansi zote tatu na bado akabaki na nafasi ya Jiografia na Biashara. Sasa akibeba zote tatu, nafasi zimekwisha.

Aanze na kazi anayoitaka au somo analolipenda?

Mtoto wa miaka 15 atabadilisha kazi anayoitaka mara kadhaa kabla hajamaliza Gredi ya 12, kwa hiyo msimjengee mseto wa masomo juu ya jina la kazi moja. Jiulizeni hivi: akiacha somo hili, ni kozi zipi hataweza kuziomba tena? Somo likifunga milango mingi, liacheni mkiwa na sababu nzito. Likifunga michache, liacheni bila wasiwasi.

Ukipima kwa njia hiyo, Kemia inatangulia. Udaktari, famasia, uuguzi, uhandisi, kilimo na sayansi ya chakula zote zinaihitaji au zinaipa uzito. Mwanafunzi anayesema tu "napenda sayansi" aandike Kemia kwanza, kisha aamue kati ya Biolojia na Fizikia. Nafasi ya tatu ndiyo ya kujadiliwa mezani.

Akichukua Biolojia na Kemia bila Fizikia, anapoteza nini?

Anapoteza uhandisi, karibu wote. Masharti ya uhandisi katika vyuo vikuu vyetu, yaliyoandikwa kwa alama za KCSE, yanataka Hisabati, Fizikia na Kemia. Sayansi ya kompyuta nayo huitazama Fizikia pamoja na Hisabati.

Udaktari haupotei, na hapa wazazi wengi huchanganyikiwa. Masharti yake yanataja Biolojia, Kemia, kisha Hisabati *au* Fizikia, pamoja na Kiingereza au Kiswahili. Kwa kuwa Hisabati ni ya lazima kwa kila mtu, anayetaka udaktari anaweza kuikosa Fizikia na bado akatimiza masharti. Lakini awe na alama nzuri za Hisabati, maana akiteleza huko hana Fizikia ya kumwokoa.

Upande wa pili, Fizikia na Kemia bila Biolojia hufunga fani za afya na sehemu kubwa ya kilimo, huku uhandisi ukibaki wazi.

Kwa hiyo achukue zote tatu ili asifunge chochote?

Ikiwa Hisabati na Sayansi Jumuishi zilikuwa zikimjia bila kusukumwa huko sekondari msingi, ndiyo. Ikiwa alikuwa akizipata kwa nguvu za tuisheni, tunashauri mbili tupu na moja tumizi: Biolojia, Kemia na Kilimo, kwa mfano, au Fizikia, Kemia na Kompyuta. Kilimo kinarudia udongo, mbegu na uzazi wa mimea ambao Biolojia nayo inaufundisha, kwa hiyo mzigo unapungua kwa namna ambayo haionekani kwenye ratiba.

Tunaloliona mara nyingi ni kuchukua zote tatu kwa ajili ya heshima. Muhula wa kwanza unapita vizuri kwa sababu mada za mwanzo ni nyepesi. Hesabu za Kemia na za Fizikia zinapofika kwa wakati mmoja, mtoto anaanza kuiba muda wa somo moja kulipa deni la jingine, na mwishowe anakuwa na sayansi tatu za wastani pale ambapo angekuwa na mbili nzuri.

Sayansi ya Jumla je?

Imekusudiwa asiyechukua zile tatu moja moja. Inafaa kwa mtu anayetaka msingi wa sayansi huku akielekea kwingine. Asiichague mtoto mwenye ndoto ya hospitali au karakana ya uhandisi akidhani ni sayansi tatu kwa bei ya moja.

Hisabati ziko aina ngapi?

Mbili katika masomo ya lazima. Walio STEM wanasoma Hisabati Kuu, walio mikondo mingine wanasoma ile nyepesi ya matumizi ya kila siku. Tofauti hii ina maana kubwa kuliko inavyosikika: mwanafunzi aliyeanza kwenye mkondo mwingine akataka kuhamia STEM mwaka unaofuata atakuwa na pengo la Hisabati, si la sayansi pekee. Iko pia Hisabati ya Juu kama somo la kuchagua. Hiyo ni ya anayependa hesabu kwelikweli, na ina maana pale tu shule ina mwalimu wa kuifundisha.

Alipata kiwango kizuri cha Sayansi Jumuishi kwenye KJSEA, mtihani wa mwisho wa Gredi ya 9. Hiyo inatosha kumpeleka sayansi tupu?

Itazame pamoja na Hisabati. KJSEA ina ngazi nane, kutoka EE1 (kuzidi matarajio) yenye pointi 8 hadi BE2 (chini ya matarajio) yenye pointi 1, na kwenye upangaji wa nafasi za sekondari pevu inabeba asilimia 60. Tathmini ya Gredi ya 6 inabeba 20, na zile za shuleni za Gredi ya 7 na 8 zinabeba 20. Mtoto mwenye EE katika Sayansi Jumuishi na AE (kukaribia matarajio) katika Hisabati ana uwezekano mkubwa wa kufurahia Biolojia na kukwama kwenye Fizikia. Aliye na kinyume chake, yaani Hisabati juu na Sayansi chini kidogo, kwa kawaida hufidia haraka, kwa sababu kilichokuwa kikimwangusha ni istilahi na kukariri.

Tutajuaje kama shule inaweza kufundisha sayansi vizuri?

Jina la shule lisikupumbaze. Nairobi kuna shule za kutwa za Eastlands zenye maabara inayofanya kazi kila siku, na kuna shule zenye geti la kifahari ambako maabara hufunguliwa mtihani ukikaribia.

Nenda siku ya masomo, si siku ya wageni, na uombe kuingia maabara. Fungua bomba la maji: linatoa maji au limekauka? Uliza gesi ya vichomeo iko wapi na ilijazwa lini. Hesabu bureti (mirija yenye alama za kupimia kimiminika) zilizosimama vizuri na ulinganishe na idadi ya wanafunzi darasani. Bureti 15 kwa watoto 45 maana yake ni watatu watatu, ambapo mmoja anafanya, mmoja anaandika, na wa tatu anatazama hadi Gredi ya 12. Tazama sakafu na sinki: maabara isiyo na doa hata moja la kemikali ama ni mpya ama haitumiki.

Kisha omba ratiba. Kipindi kimoja ni dakika 40. Jaribio la maana linahitaji vipindi viwili vilivyoungana, yaani dakika 80. Ratiba ikionyesha Kemia imekatwakatwa kipindi kimoja kimoja wiki nzima, majaribio yatakuwa ya mwalimu kuonyesha mbele na watoto kunakili. Mwulize mwalimu wa taaluma pia mseto mnaoutaka una wanafunzi wangapi. Mseto wenye wanafunzi wanne au watano uko hatarini, kwani mwalimu akihama, shule itawaomba wabadilishe.

Ndani ya Kemia, ni mada ipi isiyofaa kurukwa?

Moli, yaani kizio cha kupimia kiasi cha dutu. Hakuna nyingine inayokaribia.

Kabla ya moli, Kemia ni ya kueleza: rangi, gesi, chumvi, jedwali la elementi. Baada ya moli inakuwa ya kuhesabu, na kila mada ya hesabu inayofuata inaiegemea, ikiwemo mabadiliko ya nishati, kasi ya mmenyuko, elektrolisisi na uchanganuzi wa ujazo. Mtaala wa 8-4-4 uliiweka Kidato cha Tatu kwa sababu hiyo, baada ya muundo wa atomu, bondi na chumvi. Mpangilio unaoshika ni huu: alama za elementi na valensi (uwezo wa elementi kuungana na nyingine), kisha fomula, kisha kusawazisha milinganyo, halafu moli. Mwanafunzi anayesema moli ni ngumu, mpe alumini na oksijeni aandike fomula ya oksaidi yake. Mara nyingi utakuta kosa liko hapo, mada tatu nyuma.

Tuchukue hesabu moja. Sentimita za ujazo 25 za sodiamu haidroksaidi yenye ukolezi wa 0.1 M (moli 0.1 kwa lita) zinamalizwa na sentimita za ujazo 12.5 za asidi ya salfuriki. Ukolezi wa asidi ni upi? Moli za besi ni 0.1 × 25 ÷ 1000, yaani 0.0025. Mlinganyo unasema asidi moja kwa besi mbili, kwa hiyo moli za asidi ni nusu: 0.00125. Zidisha kwa 1000, gawanya kwa 12.5, unapata 0.1 M. Aliyesahau kugawa kwa mbili atapata 0.2 M, na kila hatua yake nyingine itakuwa sahihi. Kosa lake ni la uwiano, hesabu ya shule ya msingi. Ndiyo maana mtoto wa namna hii hasaidiwi na tuisheni ya Kemia hadi arudishwe kwenye uwiano.

Na Fizikia inafuata mpangilio gani?

Fizikia inategemea Hisabati kwa ratiba, na ratiba hizo mbili hazisubiriani. Mwendo katika mstari mnyoofu unahitaji mteremko wa grafu. Mwale unapopinda kwenye kioo au maji unahitaji sine. Nguvu zinazokutana kwa pembe zinahitaji vekta. Mwalimu wa Fizikia akifika huko kabla ya mwenzake wa Hisabati, wanafunzi hukariri fomula bila kuielewa, na swali likigeuzwa kidogo wanapotea. Mzazi au mwanafunzi aweke silabasi mbili ubavuni mwanzoni mwa muhula na atie alama mahali Fizikia inapotangulia. Mada hizo za Hisabati asome mwenyewe wiki mbili kabla. Kwa kawaida hazizidi tatu kwa mwaka.

Umeme usomwe kwa mfululizo: chaji tuli, saketi rahisi, usumaku, athari ya sumaku ya mkondo, na baadaye kabisa uzalishaji wa mkondo kwa sumaku. Anayeruka usumaku kwa kuwa "ni rahisi" hulipa akifika kwenye jenereta na transfoma.

Biolojia si ya kusoma tu?

Watu huichagua wakikimbia hesabu, kisha wanakutana na ukuzaji wa picha chini ya hadubini, makadirio ya idadi ya wanyama katika ekolojia, grafu za ukuaji, na uwiano wa 3:1 katika jenetiki. Hesabu zake ni nyepesi lakini zipo.

Kinachoangusha wengi ni lugha. Swali likisema "eleza", jibu linataka sababu na matokeo kwa mpangilio. Likisema "taja", orodha fupi inatosha. Na mchoro wa Biolojia huchorwa kwa penseli iliyochongwa, mistari isiyokatikakatika, bila kutia kivuli, na mistari ya majina isipitane. Tazama darasa lolote uone wangapi wanatia kivuli ili mchoro upendeze.

Upande wa mpangilio, seli kwanza, kisha osmosisi na usambaaji, ndipo usafirishaji, upumuaji na utoaji taka. Osmosisi ikieleweka vizuri, figo na mizizi ni mada moja iliyovaa nguo mbili.

Kwa nini anafanya vizuri nadharia na kuanguka mtihani wa maabara?

Kwa sababu ya muda na tabia za mkono. Katika KCSE, karatasi ya tatu ya kila sayansi ni ya vitendo na ina alama 40, na ya Kemia huchukua saa mbili na robo, yaani dakika 135. Mwanafunzi aliyezoea kipindi cha dakika 80 hajawahi kufanya titresheni (kutia kimiminika kimoja kwenye kingine kidogo kidogo hadi rangi igeuke), badiliko la joto na uchanganuzi wa chumvi kwa kikao kimoja. Shule zinazofanya vizuri hutenga Jumamosi asubuhi kwa vikao vizima vya aina hii, wala hazingoji mwaka wa mwisho.

Titresheni ndiyo mahali alama hupotea bila sababu. Bureti ya sentimita za ujazo 50 husomwa kwenye sehemu ya chini ya mpindo wa uso wa kimiminika, jicho likiwa usawa huohuo, na kila kipimo kiandikwe kwa desimali mbili, ya mwisho ikiwa 0 au 5. Aliyeandika 24, 23.9 na 23.85 kwenye jedwali moja amekwisha poteza alama kabla ya hesabu. Suuza bureti kwa asidi utakayotia, si kwa maji peke yake, maana maji yanayobaki yanaizimua. Toa faneli kabla ya kusoma, la sivyo matone yake yataingia katikati ya kazi. Chini ya koki kusiwe na hewa.

Kosa la gharama zaidi liko kwenye wastani. Tuseme vipimo vitatu ni 24.80, 23.90 na 23.85. Cha kwanza ni cha kubahatisha, mkono ulipitiliza. Ukijumlisha vyote vitatu unapata 24.18. Ukichukua viwili vinavyokubaliana unapata 23.88, na hilo ndilo jibu. Vipimo vinavyoingia kwenye wastani visitofautiane kwa zaidi ya 0.2. Vikitofautiana, rudia kwa mara nyingine, usivilazimishe.

Kwenye Fizikia, alama za grafu ziko wazi kwa anayejua: mhimili uwe na jina na kizio, skeli ijaze zaidi ya nusu ya karatasi, na pembetatu ya kutafuta mteremko iwe kubwa. Mteremko usio na kizio ni jibu nusu.

Afanye nini likizo ya kabla ya Gredi ya 10?

Asisome Gredi ya 10. Likizo ya Novemba na Desemba aitumie kwa Hisabati inayobeba sayansi: uwiano, sehemu na asilimia, vipeo na namba za nukta zilizoandikwa kwa kipeo cha kumi, kubadilisha fomula ili herufi unayoitaka ikae peke yake, na kuchora grafu kwa mkono. Saa moja kwa siku, siku tano kwa wiki, kwa wiki nne inatosha. Kubadilisha fomula kupewe muda kuliko vyote. Ukimpa v = u + at naye hawezi kutoa t ndani ya nusu dakika, Fizikia itamchosha mapema.

Pamoja na hayo, akariri elementi 20 za kwanza na valensi zake. Hili ni la kukariri, halina ujanja.

Niko Kidato cha Nne. Sayansi bado zina uzito baada ya KCSE kubadilishwa?

Tangu mtihani wa 2023, alama ya wastani hutokana na Hisabati, lugha moja na masomo matano mengine uliyofanya vizuri zaidi. Wengi wakasikia "sayansi si lazima tena". Kweli kwa wastani, si kweli kwa kozi. KUCCPS, shirika linalowapangia wanafunzi nafasi za vyuo, hutazama pia masomo manne ya kundi la kozi yenyewe, kila moja pointi 12, jumla 48. Ukiwa na B+ ya wastani iliyobebwa na Dini, Historia na Biashara, huku Kemia ikiwa D+, uhandisi umekupita. Usiiache Kemia ife eti kwa sababu haitakushusha wastani.

Mwanangu yuko shule ya mtaala wa Uingereza hapa Nairobi. Kuna tofauti?

Ipo moja ya kuangalia mapema. Kwenye IGCSE za Cambridge, sayansi huweza kusomwa kama masomo matatu tofauti, au kama sayansi ratibu (Co-ordinated Sciences) inayohesabiwa masomo mawili, au sayansi changamano (Combined Science) inayohesabiwa moja. Anayeelekea A-level ya Kemia au Fizikia asiwekwe kwenye hiyo ya mwisho, kwa maana mada kadhaa zimepunguzwa na pengo la kuvuka kuingia A-level linakuwa kubwa mno.

Mtoto haoni vizuri baadhi ya rangi. Aache Kemia?

Hapana, ila shule ijue mwanzoni. Methili chungwa, inayogeuka kutoka njano kwenda chungwa na wekundu, itamsumbua. Fenolfthalini hutoka waridi hadi kutokuwa na rangi kabisa, na wengi wenye tatizo hilo huimudu wakiweka karatasi nyeupe chini ya chupa. Kwenye Fizikia, mistari ya rangi kwenye rezista ipimwe kwa mita badala ya kusomwa. Mzazi aulize mapema utaratibu wa KNEC, baraza la mitihani, kwa watahiniwa wenye mahitaji maalum, kwa maana ombi la dakika za mwisho halisaidiki.

Akitaka kubadilisha mseto baada ya kuanza?

Haraka ni bora. Wiki za kwanza za muhula wa kwanza mada bado ni za utangulizi na madaftari yanaweza kunakiliwa wikiendi moja. Baada ya hapo kila juma linaongeza deni, na pia tathmini za shuleni zinaanza kurekodiwa. Kuhama kutoka Fizikia kwenda Biolojia ni rahisi kuliko kinyume chake. Kabla ya kusaini, hakikisha somo jipya halifundishwi saa ileile na jingine alilo nalo, kwani ratiba ya shule ndiyo huamua, na mwalimu mkuu hawezi kumgawa mtoto mara mbili.

Kuna vifaa vya kununua nyumbani?

Vya Kemia, la. Asidi haina nafasi jikoni.

Vya Fizikia, ndiyo, na ni vya bei ndogo. Barabara ya Luthuli ina maduka ya vifaa vya elektroniki ambako utapata multimita ya kawaida, rezista za aina kadhaa, waya, balbu ndogo na vishikilio vya betri. Kwa hivyo tu mwanafunzi anafanya jaribio la ukinzani wa ndani wa betri kavu: aunganishe betri na rezista moja, asome volti na mkondo, abadilishe rezista, arudie mara tano au sita. Betri mpya ya volti 1.5 ikisoma 1.3 huku mkondo wa ampea 0.5 ukipita, volti 0.2 zimepotea ndani, na ukinzani wa ndani ni 0.2 ÷ 0.5, yaani omu 0.4. Achore grafu ya volti dhidi ya mkondo: mstari unashuka, na ukubwa wa mteremko wake ni ukinzani huohuo. Rezista zenye omu chache hupata moto haraka, kwa hiyo afungue saketi baada ya kila kipimo, na asiguse kamwe umeme wa ukutani. Multimita ikikataa kusoma mkondo, mara nyingi ni fyuzi yake ya ndani iliyoungua kwa sababu mtu aliiunganisha sambamba na betri badala ya mfululizo. Fyuzi hiyo nayo inauzwa palepale Luthuli.